Namba Thelathini na Nane

Leo asubuhi, hapa Amudat, ngamia thelathini na saba
wamepita katika tundu la sindano,
mililita kumi kumi,
na hakuna malaika aliyeshangaa.

Walivuka mpaka wiki tatu zilizopita
wakifuata mto mkavu usiojua uraia wake.
Hati yao ni moja kwa wote, imekunjwa mara nane,
inanuka tumbaku ya Lomongin.
Dawa ya vipimo ilichelewa Moroto,
basi wakakaa ndani ya boma la miiba,
wakicheua, wakitutazama
kama wapangaji wanavyomtazama mwenye nyumba
mwezi ukiandama.

Mimi si daktari. Daktari ni Aisu,
ausakaye mshipa wa shingo kwa kidole gumba
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Mimi hushika kamba, huandika namba,
husukuma kijiti cha pamba puani,
hutemewa cheuo kibichi hadi kwenye nyusi.
"Kirusi cha mapafu hakina adabu," asema Aisu, "vaa barakoa."
Barakoa imelowa. Nimeivaa hivyo hivyo.

Lomongin hapendi namba.
Nikisema kumi na moja, yeye huita jina.
Nikisema kumi na mbili, huita jina.
Kumi na tisa ni jike jeupe;
jina lake, amenifasiria kwa Kiswahili cha mnadani,
ni Alizaliwa-Tukihama.
"Na damu yake mnaipeleka wapi?"
"Nyingine hapa mezani. Nyingine Entebe."
"Huko Entebe wana kiu gani?"
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Chini ya turubai: tone la seramu,
tone la dawa ya waridi,
tikisa kibao taratibu, dakika nne.
Kumi na saba, laini.
Kumi na nane, laini.
Kumi na tisa, waridi likaanza kukatika,
punje kwa punje,
kama uji wa mpishi mwenye haraka.
Aisu akarudia. Madonge.
Akarudia tena, maana kuna siku mkono hudanganya.
Madonge.

"Ugonjwa wa kutupa mimba," akamwambia Lomongin.
"Jike huyu atengwe. Maziwa yachemshwe."
"Maziwa yamekosa nini hata yatiwe motoni?"
Lakini vidole vyake vilikwisha anza kuhesabu:
mwaka jana, mimba moja. Mwaka juzi, moja.
Na ile ya kiangazi kirefu,
tukasema ni jicho la jirani,
tukamhama jirani.
Akakunja kidole cha tatu, akakiacha kimekunjwa.

Nami nilikuwa na hesabu yangu.
Kila alfajiri, kabla ya kamba,
mama yake, Chepokamar, hunipa kibuyu
kilichofukizwa moshi,
povu bado lina joto la mnyama.
Mtu wa Kumi, niliyelelewa kwa mtama na karanga,
nitakataaje? Mgeni hapimi anachopewa.
Siku ya kwanza nilimwuliza, ni ya yupi?
Akaelekeza kwa midomo,
kule kwenye weupe.

Siku ishirini na moja. Na wiki hii magoti yanauma,
jasho la usiku, nikalisingizia godoro.

Nimekunja mkono wa koti.
Aisu amenitazama, hakusema kitu,
akatafuta sindano ndogo.
Lomongin ndiye anayenishika kiwiko,
imara, bila kuumiza,
akininong'oneza neno lile lile
awaambialo wanyama wake wakitetemeka;
sijui maana yake, ila nimetulia.

Daftari liko wazi.
"Niandike namba ngapi?" Aisu auliza.
Kabla sijajibu, Lomongin anaita jina langu,
analikosea kidogo,
na tone la waridi linaanguka.

Dakika nne.